Nani Atakisema Kifo cha Kapya

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya mapipa mawili ya rangi iliyokauka, mbele ya karakana ya kuunga milango ya chuma, kwenye kona ya mtaa wa Kamalondo ambako cherehani zinalia tangu asubuhi na baa inafagiliwa huku muziki umekwisha kuwashwa. Kila siku, kabla ya kwenda chuo kusoma sheria, Huguette huweka hapo termosi zake mbili za kawa, kahawa ya tangawizi, na kila siku makalio ni yale yale. Kuna Mashini, mwenye karakana, ambaye jina la ubatizo ni Symphorien na ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna chuma kilichomshinda. Kuna Diplôme, aliyemaliza masomo miaka kumi na mmoja iliyopita na bado anangoja barua ya kazi. Kuna Proverbe, mwuza vocha za simu, mwenye methali kwa kila shauri, na kamwe si ile inayofaa. Nafasi ya nne, upande wa mfereji, ilikuwa ya Kapya, mshona suruali, kaka yake Huguette. Wiki mbili sasa hapakaliwi. Wanaweka vikombe.

Asubuhi ile Huguette alisogeza vikombe, akaweka hapo kitu kilichofungwa ndani ya kitenge. Akakifungua. Ulikuwa uma wa mbele wa baiskeli, ambayo benchini huitwa kinga, mguu mmoja mzima, mguu mwingine umekatika juu kabisa, na nondo mbili zikining'inia kwenye bolti.

— Ni nini tena hiyi? Diplôme akauliza, ingawa aliijua vizuri.

— Fourche ya kinga ya Kapya. Bantu ba Kambove njo banaituma.

— Na unatuletea hapa, asubuhi hiyi, mbele ya kawa?

— Saa sita banavunja matanga, Huguette akasema. Minaomba kintu kimoja tu. Muntu mumoja wa hii benchi akuye, asimame, aseme fourche ilivunjika juu ya nini, kwa sababu gani.

Wote watatu walijua anachoomba. Katika ukoo wa Huguette matanga hayavunjwi mpaka kifo kisemwe. Mmoja husimama mbele ya watu akakieleza tangu asubuhi ya kwanza hadi pumzi ya mwisho, na kilichosemwa siku ile hakibadilishwi tena. Msichana hakisemi, hata akiwa amesoma sheria mpaka macho yakauma. Husema mwanamume wa ukoo, au yule aliyeshika kazi pamoja na marehemu. Huyo asipopatikana, atasimama baba mkubwa Kangwa, na baba mkubwa amekwisha kupanga maneno yake: Chisanga, dada yake mwenyewe, ndiye aliyemla mtoto kwa uchawi. Huyo shangazi Chisanga ndiye aliyewalea Kapya na Huguette mama yao alipofariki. Wamemleta juzi kutoka Kambove, wamemkalisha kwenye jiko la nyuma, na hakuna anayempa hata maji ila Huguette. Kule kwake vijana wamekwisha kuchoma mlango wa nyumba. Wanangoja jina litamkwe, ndipo wamalize.

— Eh, maman Huguette, Diplôme akaanza, akijinyoosha kama mwanafunzi aliyeitwa kwenye ubao. Kifo hii iko scientifique. Chini ya Kambove kuko nini? Shaba. Kobalti. Kule chini kunavutaka! Kinga ya mwepesi vile ikipita na mbio, inavutwa tu, paaa!

— Shaba haivutake chuma, yaya, Huguette akamjibu kama mdogo anavyomjibu kaka. Hata mutoto wa sixième anajua.

— Shaba ya kawaida haivute. Lakini ile inachimbwa tangu wakati ya Babelgi. Iko na hasira.

— Bahenga balisema, Proverbe akadakia: samaki mukunje angali mubichi. Kapya alikunja guidon, ile usukani, wakati ilikuwa imeshakauka.

— Guidon haikuvunjika. Ni fourche.

— Njo vile minasema. Asiyesikia la mukuu anavunjika muguu.

— Alivunjika shingo, Huguette akasema.

Proverbe akanywa kawa yake mpaka kwenye mashapo. Tangu kitenge kifunguliwe Mashini alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara, kama mtu anayengoja mteja.

— Angalia, Mashini akasema mwishowe. Mulango ukivunjika, unauliza kwanza mulango ulitoka wapi. Ile kadre ya kinga ilitoka mu container. Ulaya. Kule bantu habatupake kinga ya muzima. Mwenyewe alikufia juu yake. Banaipakia mu container, naye anapanda nyuma. Roho yake, minasema. Anafika hapa, anamukuta Kapya iko anamukalia.

— Roho ya muzungu ilipita douane ya mupaka? Diplôme akauliza kwa uzito wote.

— Alipita. Nani atamulipisha?

Wakacheka, kisha wakakumbuka, wakaacha.

Huguette hakucheka. Kapya alikuwa mshonaji, si fundi wa baiskeli, lakini kwa miezi saba aliijenga ile yake chumbani. Kadre, yaani kiunzi, ya aluminium aliiokota kwenye lundo la mitumba, magurudumu aliyapata kwa familia moja ya mtaa wa Golf iliyokuwa inahama, usukani umepinda kama pembe za kondoo. Alipima kila kitu kwa utepe wa cherehani, akatia alama kwa chaki ya nguo. Usiku kadre ilining'inia kwa kamba juu ya kitanda, naye akalala chini yake kama mtoto chini ya chandarua. Alikuwa ameona kwenye simu: baiskeli nyepesi kama ya mashindano, yenye matairi mapana ya kukanyaga changarawe na vumbi, inayokwenda mahali lami ilipochoka. Yeye aliiita gravel. Kijiwe kiliiita kijiti. Alitaka kwenda nayo hadi Kambove, apige kengele mbele ya shangazi, basi.

— Munasahau neno ya mukubwa, Proverbe akasema, akishusha sauti. Kikulacho kiko mu nguo yako. Ule muzee Chisanga alifika wa kwanza pa maiti. Mbele ya polisi kufika, mbele ya bachimbaji. Alijua namna gani?

— Kwa kweli, Diplôme akasema. Hapo science inasimama.

— Banasema alikuwa iko anangojea pembeni ya njia, mikono wazi, Proverbe akaendelea. Na ndege mumoja ya mweusi pa kichwa yake.

— Miye nilisikia ndege mbili.

Huguette akasimama. Sauti yake ilikuwa ile ya ukumbini chuoni, ile inayofanya hata wapinzani waweke kalamu chini.

— Alikuwa pembeni ya njia juu shamba yake ya karanga iko pembeni ya njia. Alikuwa anangojea juu Kapya alimutelefonia akiwa njiani, ku Likasi: shangazi, minafika, simama unione. Akasimama. Akamuona anashuka kilima. Akaona fourche inakatika. Munaelewa? Yule mama alimuona mutoto yake anaruka. Na shiye tunakunywa kawa na kuhesabu ndege.

— Pole, dada. Usipandishe sauti, Mashini akasema.

— Mbona huangalie hii kintu, yaya? Iko mbele yako.

— Nilishaiangalia.

Aliiangalia, ndiyo. Siku moja kabla ya safari Kapya aliuleta uma hapa benchini ili wauone tu jinsi ulivyo mwepesi. Wakaupitisha mkono kwa mkono wakicheka. Hautafika hata Likasi na hiyi, walimwambia. Kinga za makala, zile zinazobeba magunia manne ya makaa kutoka porini, zote zina nondo kwenye uma. Mwanamume gani anakwenda Kambove kwa kijiti? Mashini alitaka kuunga nondo kwa moto, aluminium ikaanza kuyeyuka, basi akaleta mashine ya kutoboa. Kapya alisita. Alisema kwenye simu wameandika kwamba aina hii haitobolewi. "Simu yako ilishabebaka makala?" Mashini alimuuliza, na benchi zima likaanguka kwa kicheko. Huguette naye alicheka. Matundu manne, bolti nne, nondo mbili. Kapya aliondoka Jumamosi, kijiwe kikampigia makofi.

Wakiwa bado hapo, na uma uliovunjika mbele yao, mtu wa makala akatokea. Hakuna aliyemjua. Alikuwa mweusi kwa vumbi hadi kope, anasukuma baiskeli yenye magunia matatu, akaiegemeza kwa fimbo na kuomba kikombe. Akatafuta mahali pa kukaa, akaona upande wa mfereji, akausogeza uma kwa adabu ili apate nafasi. Kisha akaushika tena. Akaugeuza. Akaingiza kidole kwenye tundu la juu, pale pale ulipokatika.

— Hii ilikuwa ya kinga gani?

— Ya mwepesi, Huguette akasema. Ya aluminium.

Mtu yule akatikisa kichwa, akaonyesha baiskeli yake. Nondo zake zilifungwa kwa mipira ya chambre à air, ile ya ndani ya tairi, imekazwa, tabaka juu ya tabaka.

— Shiye tunafungaka tu. Hatutoboake. Hata ya chuma hatutoboe. Ukitoboa hapa juu, umeshaikata, inangojea tu siku. Akawatazama mmoja mmoja, bila ubaya, kama mtu anayeuliza njia. Nani aliitoboa?

Proverbe akafungua mdomo. Hakukuwa na methali ndani yake. Diplôme akainama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba. Kutoka kwenye ua wa matanga, nyumba ya tatu kutoka hapo, walisikia viti vya plastiki vikitenganishwa.

— Yaya Symphorien, Huguette akasema. Hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Muntu anauliza.

— Nilisikia.

— Ujibu basi. Hapa kwanza, kisha kule.

Mashini akafuta viganja kwenye suruali. Suruali ile Kapya ndiye aliyeishona.

— Niko na batoto bane, Huguette. Baba mukubwa yako iko na bavijana ku nyuma yake. Nikisimama kusema ni miye, jioni atelier yangu hii inawaka. Na muzee Chisanga... yeye balishamumaliza mu vinywa. Maneno yangu haitamufufua Kapya.

— Sikukuomba umufufue Kapya. Shangazi iko muzima. Iko pale jikoni, iko muzima mpaka saa sita.

Mashini alikuwa amerudi ng'ambo ya barabara kwa macho.

Huguette akamgeukia mtu wa makala, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameuliza na bado alikuwa anangoja.

— Ule aliitoboa, akasema, akimwonyesha Mashini. Na miye njo niliishika. Na magoti, hivi, ili isicheze.

Mgeni akaurudisha uma polepole juu ya kitenge, kama mtu aliyegundua kwamba alikuwa ameshika mkono wa maiti.

— Pole, mama, akasema.

Huguette akaufunga. Kwa wiki mbili alikuwa amesema "balitoboa", hao, wale, benchi. Chuoni angemrarua mtu yeyote aliyejificha nyuma ya neno kama hilo. Alijua baba mkubwa atamwambia msichana hasemi kifo, kaa chini. Alijua atamwambia mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Akauweka uma begani, akaacha termosi zote mbili pale zilipo, akaanza kwenda kuelekea vile viti.

Alitembea polepole, akisikiliza nyuma yake kama kuna kiatu kinachofuata, hata kimoja. Cherehani. Ufagio wa baa. Alikuwa amefika kwenye mlango wa ua, na mbele yake baba mkubwa Kangwa ameshasimama, kabla hata ya saa sita, anakohoa kusafisha koo, ndipo sauti ya Diplôme ilipomfikia kutoka benchini:

— Huguette! Na kawa, nani atatumiminia?