Majina Waliyoingia Nayo Motoni

Mwaka ule serikali ilipokataza majina ya ubatizo, nilikuwa ndani ya bac, kivuko chetu, tukivuka mto kwenda Lubunga. Mama mmoja alipakata mtoto mwenye homa. Akamwambia mzee mmoja, papa aliyekaa pembeni yake, mwenye beji ya chama tawala kwenye koti lake la abacost: "Padri anaogopa kumubatiza na jina ya mutakatifu. Sasa Mungu atamujua namna gani?"

Nikatazama maji, ila masikio niliyaacha palepale.

"Shadraka, Meshaki na Abednego," papa akasema, "ile ilikuwa majina ya kupewa na mufalme wa Babeli. Ya kwao aliwanyanganya. Na bado hawakuungua."

Mama akafikiri. "Bon. Mule ndani ya moto, Mungu aliwaita na jina gani?"

"Biblia haiseme kama aliwaita. Inasema walitupa watu tatu, wakaona mutu wa ine anatembea nao."

"Donc, basi alishuka bila kuita mutu?"

"Mama, hata mimi najiuliza."

Bac ikagusa ukingo. "Na huyu unamuita nani?" papa akauliza. Hapo ndipo mama alipoiona beji. Akainama, akamnong'oneza mtoto sikioni. Mimi niliyesikia yote tangu ng'ambo, hilo jina sikulisikia.