Mzee Nathaniel, Aliyezoea Kufa na Kuamka

Ndugu waombolezaji, jamaa na marafiki mliofika hapa makaburini Råcksta, ughaibuni, kwenye baridi hii, mimi ni Oduor, kaka yake Akeyo na shemeji yake Filip, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yake Filip, Mzee Nathaniel Kommu, kazi niliyoikubali haraka na kuijutia haraka zaidi, maana mtu huyu aliishi maisha yake na ya watu wengine, nami nimeshindwa kuyatenganisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, kijijini karibu na mji wa Tenali, jimbo la Andhra Pradesh, India, akasoma shule ya misheni alikofundisha baba yake, kisha chuo huko Guntur, ambako alipenda jukwaa kuliko darasa. Mwenyewe alinisimulia pia kwamba aliwahi kuwa posta masta, na kwamba shamba lake lilichukuliwa na mafuriko, nikaandika yote kwa heshima, mpaka Filip aliponiambia kwamba hizo zilikuwa filamu mbili tofauti, nikafuta, na hata sasa sina hakika kama nilifuta kilichostahili kufutwa.

Mwaka 1971 alikwenda Madras, ambako filamu za Kitelugu zilikuwa zikitengenezwa wakati huo, baadaye akahamia Hyderabad, na kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa yule mtu ambaye watazamaji wote waliijua sura yake bila kulijua jina lake, mara karani mwaminifu, mara mjomba mlevi, mara nyingi zaidi baba wa shujaa, na kwa kuwa shujaa lazima apate sababu ya kulipiza kisasi, Mzee aliuawa kabla ya mapumziko ya katikati karibu katika kila filamu. Alijua kufa vizuri mno, kiasi kwamba mwaka 2019, kipande cha mazishi yake ya sinema kilipofika kwenye simu za shangazi zetu Homa Bay, walianza kuomboleza na kuita watu wa hema, ikabidi tumweke Mzee mwenyewe kwenye simu aseme maneno tuliyomfundisha papo hapo, "Mimi niko, pole sana," na shangazi Adhiambo hajaamini mpaka leo.

Alifunga ndoa na Suguna tarehe 20 Mei 1976, mjini Guntur, Mungu akawajalia mtoto mmoja, Filip, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1979. Filip alipelekwa kwenye upigaji picha angali mdogo sana, na huko akaiona desturi ya watu wa filamu wa kule, kwamba mwigizaji akishakufa mbele ya kamera haondoki hivi hivi, lazima aitazame taa, acheke, na cheko hilo lipigwe picha ingawa halitaonyeshwa popote, ili kifo cha uongo kisimfuate nyumbani. Mtoto alilia baba alipokufa, akangoja, baba akacheka, wakaenda kula. Ndivyo alivyokua.

Suguna alipofariki mwaka 2014, Mzee alihamia kwa Filip na Akeyo, hapa jirani, mtaa wa Vällingby, akajiunga na kikundi chetu cha kanisa, akajifunza "sawa", "basi" na "pole", na kwa maneno hayo matatu akawa na marafiki wengi kuliko mimi.

Oktoba iliyopita moyo ulianza kumsumbua, Januari akalazwa, na Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, asubuhi, alifariki, Filip akiwa amemshika mkono. Nikisema alifariki natamka neno ambalo Filip bado hajalitamka. Alikaa pale mpaka jioni akiutazama uso wa baba yake, akiwaomba wauguzi wasubiri, Akeyo akadhani ni majonzi tu, mpaka Filip aliposema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bado hajacheka." Tangu siku hiyo anasema hivyo hivyo, ndiyo maana jeneza liko wazi mbele yenu, na watu wa makaburi wamesimama pale na mfuniko. Nilimkasirikia Filip, mtu mzima, mhandisi, baba wa watoto, kisha nikaogopa, kwa sababu hata mimi nimejikuta nikiutazama ule mdomo.

Familia inawashukuru madaktari, majirani wa jengo letu, wafanyakazi wenzake Filip, wasanii wenzake Mzee wanaotufuatilia kwa video kutoka Hyderabad, na nesi Kamila, aliyekuwa kwenye zamu Jumapili ile, siku moja kabla ya kifo. Nilipoliandika jina lake jana, kalamu ilisimama, ndipo nikakumbuka. Filip alikuwa amekwenda nyumbani kuoga, nilibaki mimi na Kamila, Mzee akaionyesha taa ya kitandani kwa kidole, Kamila akaigeuza imwelekee, Mzee akaketi, sijui kwa nguvu gani, akafunga kifungo cha shingoni, akainua kidevu, akaitazama ile taa, akacheka, cheko pana la meno yote, kisha akanyanyua mkono, akasema, "Sawa, basi," akalala. Mimi nilidhani ugonjwa umemvuruga akili, nikamfunika blanketi.

Sijui kama desturi inaruhusu cheko litangulie kifo, nimewauliza hao wa Hyderabad na hawakubaliani wao kwa wao. Lakini Filip, ndugu yangu, alicheka. Nilimwona kwa macho yangu. Njoo tuushike huu mfuniko pamoja.

Lala, Mzee Nathaniel, safari hii hakuna atakayekuita urudie.