Mbeleko Iliyokuwa Ndani ya Sanduku

Bwana wetu asifiwe, ndugu zangu wa Masanze! Mbona mnaitikia kama watu wenye njaa? Asifiwe! Haya, sasa nimesikia. Mimi ni bibi yenu, Mama Damari. Miguu yangu haipendi kusimama siku hizi, lakini leo nitasimama, maana Mungu alinifungua kifungo kikubwa na sijawahi kukisema mbele za watu.

Nazungumzia enzi za Mwingereza, wakati huku kwetu ukitazama kushoto ni mkonge, kulia ni mkonge. Mume wangu Yakobo alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge zitoke singa za kusokotea kamba. Tulikaa kambini na mtoto wetu wa kwanza, Tito.

Tito aliugua homa kali. Nikamfunga mgongoni kwa mbeleko yangu, nikashika njia ya kwenda hospitali ya Kilosa. Alilia, alilia, halafu tulipokaribia daraja akanyamaza. Ndugu zangu, nilifurahi! Nikasema moyoni, afadhali mwanangu amelala. Nikatembea polepole nisimwamshe. Kule hospitali muuguzi akaifungua mbeleko, akamgusa mtoto shingoni, akamfunika uso. Tito alikuwa amefia mgongoni mwangu, na mimi mama yake sikujua.

Hofu iliniingia siku ile, ikakaa. Mungu akanipa mtoto mwingine, huyu Damari, lakini kumbeba mgongoni sikuweza. Mtoto nisiyemwona uso, nitajuaje kama anapumua? Nilimpakata mchana kutwa. Nilipika kwa mkono mmoja, nililima kwa mkono mmoja, na kinu nilikisahau kabisa. Wanawake wa kambini walinicheka, wakauliza kama mgongo wangu umeuzwa. Yakobo hakunicheka. Alirudi kazini amechoka, ananuka maji ya mkonge, akachukua mchi akatwanga, wanaume wenzake wakimwona. Mungu amrehemu mume yule!

Basi meneja wao akapata kazi ng'ambo, kwenye kisiwa cha mbali ambako walikuwa wanaanza korona yao. Akataka mafundi wake waende naye, pamoja na wake na watoto. Yakobo alifurahi, nami nikafurahi, mpaka aliponieleza jinsi ya kupanda meli. Meli haifiki hadi nchi kavu, alisema. Mnapelekwa kwa boti, halafu mnapanda ngazi ubavuni mwa meli, na ile ngazi lazima uishike kwa mikono miwili, mtoto awe mgongoni.

Nikamwambia, basi mtoto abebwe na wewe. Akasema mgongoni mwake litafungwa sanduku. Nikaanza kufunga safari kama mtu anayekwenda: nikakaanga karanga, nikasaga unga wa njiani, nikafua nguo zote, nikaenda Malolo kuwaaga wazazi wangu, mama akanishika uso akalia. Lakini moyoni nilikwisha kuamua. Yakobo apande treni ya kwenda pwani peke yake, mimi nitamwambia palepale stesheni ya Kilosa. Nilikuwa tayari kuivunja nyumba yangu, ndugu zangu, kwa sababu ya hofu! Shetani hahitaji bunduki.

Asubuhi ya kuondoka akaja Mwajuma. Huyu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mke wa mkata mkonge, Mwislamu wa swala tano. Mimi ni Msagara, kwa hiyo alikuwa mtani wangu. Na mtani mnamjua: ndiye aliyemwogesha Tito na kunifutia machozi, na ndiye akiingia kwako anachukua atakacho, wala huna ruhusa ya kununa.

"Msagara anakwenda kuliwa na papa!" alipiga kelele tangu mlangoni. "Nimekuja kurithi!"

Akachukua kinu. Akachukua ungo. Akamkamata jogoo wangu, akamfunga miguu. Akafungua sanduku, akapekua, akaingiza mkono hadi chini kabisa. Akatoa mbeleko ya Tito.

Aliijua. Utani ukamwisha usoni. Akanitazama mimi, akamtazama Damari niliyempakata, nadhani akaona yote niliyokuwa nimepanga.

"Hii nimeichukua," alisema taratibu. "Sasa ni mali yangu. Kama ina mkosi, mkosi huo ni wa Mnyamwezi, wewe haukuhusu. Nakuazima mpaka stesheni. Inama, dada yangu."

Sijui nguvu za kuinama nilizipata wapi. Nasema sijui, lakini najua! Ni Bwana aliyenikunja mgongo. Mwajuma akamweka Damari, akafunga, akakaza.

Tukatoka. Yakobo mbele na sanduku, mimi katikati, Mwajuma nyuma na jogoo wake. Njia ilikuwa ile ile ya hospitali. Damari alicheza na nywele zangu, kisha tulipokaribia daraja mikono yake ikalegea. Akanyamaza. Ndugu zangu, miguu yangu ilikufa! Nikasimama katikati ya njia, nikasema, Bwana, si hapa tena. Nakuomba, si hapa tena.

"Amelala tu," alisema Mwajuma nyuma yangu. "Tembea."

Sikuweza. Na hapo hapo nikasikia kitu cha moto. Kilianza kiunoni, kikashuka, kikalowesha gauni langu jipya la safari hadi kwenye visigino. Mwanangu alikuwa amenikojolea! Aleluya! Mzima wa afya, amelala fofofo, anamkojolea mama yake! Nilicheka, ndugu zangu. Nililia na kucheka pamoja, na Yakobo akatua sanduku chini akalia pia, kwa sababu tangu tumzike Tito hakuwahi kunisikia nikicheka.

Stesheni nikataka kumrudishia Mwajuma mbeleko yake. Akaruka nyuma. "Nguo ya mikojo? Mpelekee papa!" Kisha akanikumbatia, na treni ilipoondoka aliipungia kwa jogoo. Ile ngazi ya meli niliipanda kwa mikono miwili.

Namshukuru Mungu aliyemtuma mwanamke ambaye hakuwahi kuingia kanisani mwetu. Na wewe uliyekaa hapo, umeipakata hofu yako mwaka hadi mwaka, unaogopa kuiachia usije ukapoteza na kilichobaki: mwamini Yesu. Inama tu. Kufunga na kukaza atafanya mwenyewe.

Damari, simama mwanangu, wakuone. Geuka waone mgongo. Huyo aliyembeba ni mjukuu wake, kitukuu changu, na mbeleko ni ile ile. Mbona kimya, mnauliza? Msiogope, ndugu zangu. Amelala tu.