Nilijibu Mzima Huku Naumia

Assalaam alaykum, jamani. Nimeambiwa niseme, na nitasema, ingawa mambo yenyewe mpaka leo yananichanganya.

Mwaka juzi nilivuka maji kutoka hapa Kiongoroni kwenda kupasuliwa busha. Hospitali siitaji. Msicheke, nyie mnaokaa upande upande kama nilivyokuwa nakaa mimi, nawajua! Nilipokuwa natoka wakaniambia nitapigiwa simu nieleze mwenyewe nilivyopona. Wagonjwa wa hospitali nyingi wanaulizwa hivyohivyo, halafu majibu yanalinganishwa, ijulikane wapi watu wanapona vizuri. Nikashangaa. Daktari ndiye aliyesoma, leo mimi mkata mikoko ndiye nimpe maksi?

Simu ikaja. Muuguzi akauliza, "Mzee, maumivu ni ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi?" Sasa maumivu yanahesabikaje? Nikamjibu kama tunavyojibu sote, hata mwenye homa kitandani: "Alhamdulillah, mzima." Akaandika sifuri. Alipopiga tena, vilevile. Na kidonda, ndugu zangu, nawaambia, kilikuwa kinatoa usaha. Niliona kumlalamikia mgeni kwenye simu ni kukufuru. Nikakonda, nikaogopa nakufa, na bado nikasema mzima.

Mara ya tatu mke wangu akanipokonya simu. "Mwanangu, huyu anakudanganya. Kuinama hawezi, anaswali kwenye kiti."

Muuguzi akaomba nirudishiwe simu, akaniambia: "Baba, Mungu mshukuru. Lakini kwenye karatasi zangu umepona, na wenzako wa hospitali ile wote wamepona. Kwa majibu yenu, hospitali hiyo ndiyo ya kwanza. Nani angejua kuna kitu cha kurekebisha?"

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Nilirudishwa hospitali, nikasafishwa kidonda, nikapona. Namshukuru mke wangu, namshukuru binti yule wa simu, na nyie mlionibeba mpaka kwenye boti, Mungu awalipe.

Fundisho langu ni dogo. Mkiulizwa, shukuruni kwanza, halafu semeni panapouma. Namba zenyewe bado zinanitatiza. Juzi wamenipigia tena, nikasema mbili, nikabaki najiuliza kama siyo tatu.

Ila kuna jambo linaninyima raha. Nilipokuwa nasema mzima, wengine walipelekwa hospitali ileile kwa kuwa ilisifika. Kama mmo humu, mliopasuliwa nyuma yangu mkaumia, nisameheni.