Bi Nukta, Mwanafunzi Wangu wa Dawati la Nyuma

Ijumaa hii, tarehe thelathini Novemba, Bi Nukta anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Kiswahili katika shule yetu. Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana insha isiyo na nukta ilirudi kwa mwenyewe imejaa wino mwekundu. Amekuwa mkuu wa idara, mlezi wa bweni la wasichana na mwamuzi wa midahalo isiyohesabika. Hayo wenzangu watayasimulia. Mimi, mwalimu wa hesabu, nina moja tu.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Kidato cha Tatu B walikuwa wameikatia tamaa hesabu. Walinirudishia karatasi zenye majina tu. Nilikwisha kuandika barua ya kuomba uhamisho. Kikaoni, baadhi ya walimu walitaka adhabu, wengine wakataka wazazi waitwe. Bi Nukta akasema kwamba yeye mwenyewe alifeli hesabu shuleni, na angependa kujaribu tena.

Tulidhani anatania. Jumatatu akaingia darasani kwangu na daftari jipya, akaketi dawati la nyuma kando ya msichana tuliyemwita Kimya, ambaye hakuwa ameandika jibu hata moja tangu muhula uanze.

Jaribio la kwanza alipata kumi na moja kwa mia. Nilitaka kumsitiri, akakataa, akataka alama zake zisomwe kama za wengine. Darasa likaangua kicheko, naye akacheka. Lakini wakati wa mapumziko nilimkuta stoo ya vitabu akifuta machozi.

"Sikujua aibu hii ni nzito hivi," aliniambia. "Na hawa watoto wameibeba miaka mitatu."

Kengele ilipolia akanawa uso, akarudi dawatini. Siku hiyohiyo niliichana barua yangu.

Tangu hapo akawa hampi Kimya nafasi ya kupumua: hebu nieleze taratibu, hii x imetokea wapi? Kimya, kwa kumwonea huruma, akaanza kusoma mapema ili apate cha kumweleza. Wengine wakajisogeza. Jaribio la nne Bi Nukta alipata thelathini na nne, Kimya arobaini na moja. Bi Nukta akaja kudai karatasi yake isahihishwe upya. Nilimwongezea alama moja, akaondoka amenuna. Hakuwa anaigiza hata kidogo.

Mzazi mmoja alilalamika kwamba mwalimu wa alama hizo anaiaibisha shule. Mkuu wa shule alipomsihi aache, alijibu kwa adabu kwamba hawezi kuacha masomo katikati ya muhula. Akaketi pale hadi wakamaliza Kidato cha Nne.

Kati ya wanafunzi thelathini na wanane, thelathini na watatu walifaulu hesabu. Wale watano aliendelea kuketi nao kila Jumamosi, mwaka mzima, na watatu kati yao wakafaulu waliporudia mtihani. Kimya sasa ni mpima ardhi. Nimefundisha miaka mingi tangu wakati huo, na sijapata ujasiri wa kufanya alichofanya yeye.

Asante, Bi Nukta. Nenda ukapumzike kwa raha, afya njema ikuandame, na wajukuu wakushughulishe kadiri upendavyo. Jumatatu tutaingia darasani bila wewe, na pengo lako tutaliona.