Bi. Sumitra Alahakoon na Nusu Saa Yake ya Alfajiri

Waheshimiwa watawa, ndugu, jamaa na majirani mliovaa nyeupe leo kwa ajili yetu, ahsanteni. Anayewasomea ni Ranjani, mdogo wake marehemu. Tumeombwa tufupishe kwa sababu mvua iko njiani, na shemeji yetu Wilbert amekwisha kuilalamikia hiyo mvua.

Bi. Sumitra alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 katika kijiji kimoja karibu na Gampola, kifungua mimba wa mzee Punchi Banda, seremala, na mkewe Heen Menike. Utotoni alikuwa na hasira za karibu. Siku moja alimfungia Ranjani kwenye banda la mbuzi mchana kutwa kwa ajili ya utepe wa nywele tu. Wanaosema alizaliwa mpole hawakulala naye kitanda kimoja.

Alisoma shule ya kijijini hadi mwaka 1962, kisha akahamia shule ya wasichana mjini Kandy, alikomaliza mwaka 1968. Alikuwa hodari wa hesabu na alitamani sana kuwa mwalimu, lakini nafasi haikupatikana. Tarehe 2 Oktoba 1972 aliajiriwa ukarani katika ofisi ya maji.

Tarehe 11 Februari 1974 alifunga ndoa na Bw. Wilbert Alahakoon, mwonjaji wa chai katika kiwanda kimoja huko milimani. Kazi ya shemeji ilikuwa kuonja, kutema na kutafuta kasoro, na kasoro alirudi nazo nyumbani. Wali una mawe, mto mgumu, jirani ana kelele, serikali haifai. Chai ya mkewe ndiyo kabisa, hakuimaliza bila neno. Walijaliwa watoto wawili, Nayana mwaka 1975 na Sampath mwaka 1977.

Mwaka 1978 Bi. Sumitra alihamishiwa dirisha namba nne, dirisha la malalamiko, akakaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 2006. Jamani, hakuna anayekwenda dirisha la malalamiko kushukuru. Alitukanwa tangu asubuhi hadi jioni, kisha akarudi nyumbani kuonjewa chai.

Jioni moja ya mwaka 1979 Nayana, akiwa na miaka minne, alimwaga uji, na mama yake akamzaba kofi mpaka mtoto akaanguka. Bi. Sumitra hakulala kwa uchungu. Siku ya mwezi mpevu iliyofuata alikwenda hekaluni, akamwambia mtawa mmoja mzee, "Mheshimiwa, matusi ya watu nayabeba hadi nyumbani, nampa mtoto." Mtawa hakumhubiria. Alimwonyesha namna ya kuketi na kuifuata pumzi ikiingia na ikitoka. Hasira ikija asiifukuze wala asijidanganye kwamba haipo. Aiite jina lake tu, hasira, kisha airudie pumzi.

Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka arobaini, saa kumi na moja kila alfajiri aliwasha taa ya mafuta, akaweka maua, akaketi mkekani nusu saa. Nyumba nzima tulikuwa tukisema, "Amekaa." Shemeji alimwita kwa nje ya mlango.

"Mama Nayana! Umekaa au umekufa humo?"

"Nimekaa, baba."

"Chai imepoa!"

"Ipashe."

"Chai ya kupasha ni maji ya kuoshea miguu hayo!"

Naye alitoka akicheka, akachemsha nyingine.

Pale ofisini mtu mmoja aliwahi kumwaga chupa nzima ya maji ya tope juu ya meza yake. "Haya, kunywa wewe basi!" akafoka. Bi. Sumitra akavuta pumzi. "Baba, umekasirika, na hata mimi ningekasirika. Mita yako namba ngapi?" Yule bwana akaitaja namba huku bado anatukana. Watu walilisimulia jambo hilo kama muujiza. Alichomweleza mdogo wake ni kwamba baadaye alijifungia chooni akalia, kisha akarudi dirishani. Hakuwa jiwe. Alikuwa mtu anayeanza upya kila siku, basi.

Mwishoni mwa mwaka 2019 alianza kupotewa na majina ya watu, na mwezi Machi 2020 daktari alithibitisha kwamba ni ugonjwa wa kusahau. Aliisahau nyumba, akatusahau sisi, na mwaka jana akasahau kuketi. Aliutazama mkeka asijue ni wa nini. Hapo ndipo hasira zote zikatoka. Alimkamata mjukuu mkono akapiga kelele, "Mwizi wewe! Maji yangu yako wapi?" Matusi yaliyopita pale dirishani tuliyasikia kinywani mwake, neno kwa neno. Kwa mumewe alikuwa na lake: "Miaka hamsini nakupikia chai, hujasema nzuri hata siku moja."

"Kweli," alijibu shemeji.

Mnajua tunavyoamini kuhusu saa ya mwisho. Moyo ukiondoka umechafuka, tunahofia anakokwenda kuzaliwa tena. Tuliingiwa na woga. Tukamletea maua ayaguse, hayataki. Tukamfungulia kanda ya sala za watawa, akafoka, "Wazimeni hao vyura!" Waheshimiwa, mtusamehe. Ranjani alimwambia, "Dada, tulia, wewe si ndiye uliyetufundisha kutulia?" Akamtemea mate. Hakuna tulichoweza.

Ndipo shemeji Wilbert, ambaye hakuwahi kuketi hata dakika moja maishani mwake, akautandika mkeka kando ya kitanda. Ana miaka sabini na minane na magoti mabovu. Kila alfajiri alimshika mkono akawa anamwambia, "Inaingia, mama Nayana. Inatoka." Mkewe akamvuta ndevu, akamwita mwizi. Kesho yake aliketi tena. Alituuliza anakosea wapi.

Bi. Sumitra alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 18 Juni 2024, saa tano na dakika arobaini asubuhi. Sisi ndugu tulikuwa tumeandika hapa kwamba aliondoka kwa utulivu. Shemeji aliisoma rasimu akalikata neno hilo kwa kalamu. Neno la mwisho la mkewe lilikuwa, "Niache, unaniumiza," na uso wake ulikuwa umekunjamana. "Andikeni hivyo," alisema. "Alikuwa na hasira. Yeye alikuwa akiiita jina lake. Mimi ni nani nimsingizie utulivu?"

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, mdogo wake Ranjani na mdogo wetu wa mwisho, Senarath.

Kwa hiyo tunawaomba. Hatujui dada yetu yuko wapi sasa hivi, wala hatuna njia ya kumfikia. Watawa watakapoanza kusoma na sisi kumimina maji kikombeni hadi yafurike, ishara ya kumgawia marehemu thawabu zetu, yeyote mwenye thawabu na ampe, hata iwe ndogo namna gani. Shemeji anasema katika maisha yake yote hana jema la kumpa isipokuwa alfajiri mia tatu na kumi na moja alizoketi kando yake bila kujua anafanya nini. Ameniagiza nitamke mbele yenu kwamba zote ni za Sumitra, yeye asibakiziwe hata moja.

Popote alipofika, dada yetu apumzike.