Mimba Niliyomficha Daktari

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu! Nimesimama, ijapokuwa mguu huu bado haupendi kusimama muda mrefu.

Mnanijua, mke wa mkata mkonge wa kule Pongwe. Nilikuwa nimezika watoto wawili. Mimba ya tatu ilipoingia, mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, hii usiitaje kwa mtu mpaka ionekane yenyewe. Watu wana macho." Nikatii. Hata mchungaji hakujua.

Basi mwiba wa mkonge ukanichoma juu ya goti, paja likatunga usaha, homa ikanishika. Nikapelekwa hospitali mjini kupasuliwa. Nesi akauliza kama nina mimba. Nikasema sina! Mimi mwimbaji wa kwaya, nikadanganya kwa macho makavu.

Kwenye meza ya upasuaji, daktari, mgeni asiyejua Kiswahili, akanipima urefu, akauliza na umri. Nikacheka moyoni: ananishonea gauni? Dresa, yule msaidizi wake wa kufunga vidonda aliyemtafsiria, mzee wa Makorora, akanieleza: "Binti yangu, sindano hii ni ya mgongoni, uwe ganzi kuanzia kiunoni. Lakini dawa haikai ilipotiwa, yapanda. Kwa mfupi yaweza kupanda zaidi kuliko kwa mrefu, kwa mzee kuliko kwa kijana. Na mwenye mimba ndiye hasa, kipimo chake hupunguzwa. Ikipita kifuani, pumzi yakatika. Nakuuliza tena: huna kitu?"

Daktari alikwisha kuvuta dawa kwenye sindano. Kipimo cha mwanamke asiye na mimba, kwa maneno yangu mwenyewe!

Ndugu zangu, niliogopa macho ya watu kuliko kifo. Nikaomba, "Bwana, fungua kinywa changu," na kabla sijasema amina nikajisikia nikisema, "Ninayo, baba. Miezi minne."

Daktari hakunigombeza. Alipunguza dawa, akanichoma. Ganzi ikapanda taratibu, ikafika kitovuni, ikasimama. Kifua changu kikabaki changu. Nililia, wakadhani naumia.

Mama mkwe alinuna siku mbili. Ya tatu akaniletea uji. Na mtoto ndiye huyu anayewapigia kelele tangu sala ya kwanza. Asante Yesu!

Wewe unayeficha jambo ukidhani kunyamaza kutakulinda, mtumaini Bwana, useme. Mungu aliijua mimba yangu tangu mwanzo. Asiyeijua ni yule aliyeshika sindano.